Udi Si Moto

Chumba cha harusi cha Salhiya kilishika moto Alhamisi, baada ya alasiri. Harusi ilikuwa Ijumaa.

Mimi ndiye niliyekipaka rangi. Mama yake, Bi Mwatum, alitaka mlango, madirisha na kabati viwe vyeupe, rangi ya mafuta, kwa sababu bwana harusi atakuja kukaa fungate pale pale kwao Jang'ombe, na wakwe wa Makunduchi wana macho. Rangi ilikuwa nzito kama uji, nikaipunguza kwa thina. Thina ndiyo inayoifanya rangi iteleze kwenye brashi na ikauke upesi. Lakini hukauka kwa kuruka hewani, na mvuke wake hauendi juu kama moshi. Ni mzito, unatambaa sakafuni usiuone. Ukiuvuta sana kichwa kinazunguka. Ukikutana na kaa la moto, basi tena.

Bi Mwatum alisimama mlangoni, ncha ya kanga puani.

"Mjaka, chumba hichi kinanuka gereji! Mwanangu anaolewa au anakwenda kubadilishwa oili?"

"Harufu itakwisha kesho, Bi Mwatum. Yaache madirisha wazi. Na usiingize moto humu."

"Moto wa nini? Nitapika pilau kitandani?"

Tukacheka. Nikabeba makopo yangu, nikaenda kusali.

Nilipokuwa narudi kuchukua ngazi nilisikia kishindo kizito, halafu ukelele. Bi Mwatum alikuwa amekaa ukumbini, kauinua mkono wa kulia. Ndani, chandarua kinawaka. Madirisha yote yamefungwa. Chini ya kitanda kulikuwa na chetezo, kimepinduka.

Mimi na Salhiya tuliliburuta godoro mpaka uani, tukalimwagia maji, tukarudi na ndoo kuzima pazia.

"Si nilikwambia usiingize moto?" nikamuuliza Bi Mwatum.

"Nimeingiza moto mimi? Nimeingiza udi."

Hakuwa akitania. Alikuwa amefunga madirisha ili udi uingie vizuri kwenye godoro, kama alivyofanya kwa binti zake wote.

"Na lile kaa ndani ya chetezo?"

Akautazama mkono wake. "Lile la udi," akasema, sauti imeshuka.

"Sasa harusi tena hapana," akaanza kulia.

"Mama," Salhiya akamwambia, "ndoa inafungwa msikitini, haifungwi kwenye godoro. Twende hospitali."

Ikafungwa. Bi Mwatum akawapa maharusi chumba chake, yeye akalala ukumbini fungate nzima. Kitanda kilipona, mlango nikaukwangua na kuupaka upya. Viliungua godoro, chandarua, pazia, nyusi za Bi Mwatum, na ngozi ya mkono wake wa kulia. Wakwe walipoingia kutoka Makunduchi, mmoja mmoja, aliwapa wa kushoto.