Meno ya Wageni

Chepkirui alimimina maji ya moto kwenye vikombe kumi na viwili vyenye majani ya chai vilivyopangwa juu ya meza ndefu ya kuonjea, akategesha saa. Dakika sita. Ogola alisimama kando yake akijikanda taya kwa vidole viwili, chini ya sikio, pale maumivu yalipoanzia.

Meno ya bandia yalikuwa na siku nne tu mdomoni. Aliyeyataka ni meneja mpya, Arasa, na kiwanda ndicho kilichoyalipia. "Wanunuzi wanakuja kutoka Mombasa," alisema. "Siwezi kuwaonyesha mwonjaji kibogoyo." Kwa miaka kumi na tisa Ogola alikuwa ameonja kila chai iliyotoka kwenye kiwanda hiki karibu na Kiptere, na ufizi mtupu haukuwahi kumshinda. Lakini nani alimuuliza?

"Umekula, mzee?" Chepkirui aliuliza.

"Uji tu. Eddah ananipikia uji kama mtoto. Hii shavu imekaza, hata kufungua mdomo ni vita."

"Si daktari alisema utazoea?"

"Alisema mwezi mzima. Wageni wanakuja leo."

Saa ililia. Arasa akaingia bila kubisha, karatasi mkononi.

"Mzee, jana ulipitisha chai imeungua. Leo nataka kujionea mwenyewe. Ukikosea tena, kazi imeisha, na nyumba ya kiwanda urudishe."

Ogola alichota kijiko kutoka kikombe cha kwanza. Kuonja chai si kunywa. Unaivuta kwa nguvu, kwa kelele, isambae mdomo mzima, kisha unaitema. Alipovuta, bamba la juu la meno lilibanduka kwenye kaakaa, likagonga la chini. Maumivu yakapanda hadi kwenye paji la uso na chai ikamtiririka kidevuni. Ladha aliyoipata ni ya plastiki.

"Vipi?" Arasa aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Chepkirui aliangalia sakafu. Ogola aliogopa, tena sana. Akilini alimwona mkewe, Eddah, akifunga sufuria kwenye gunia tayari kuhama.

Aliweka kijiko chini, akayang'oa meno mbele ya meneja, juu na chini, akayaweka mezani. Misuli ya taya ikalegea. Akaanza upya, akivuta na kutema kwa kelele hadi kikombe cha mwisho.

"Ya nne na ya tisa imeungua," alisema. "Ni draya namba mbili. Wanaongeza moto wakikausha majani ndio wamalize shifti mapema. Hizo zingine ziko sawa."

Arasa alitazama karatasi yake, alikokuwa ameandika namba za vikombe vyenye chai iliyoungua, kisha akaikunja.

"Ni kweli. Sasa rudisha meno. Wageni wako geti."

"Nikirudisha, siwezi kuonja."

"Basi Kipkemoi wa ofisi atasimama hapa. Yeye ana meno."

"Kipkemoi hajui chai, bwana."

"Watamwangalia tu, hawatamuuliza kitu. Wewe enda nyumbani. Mwisho wa mwezi ulete funguo ya nyumba."

Ogola alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake wa miaka yote. Alikuwa ameshafika mlangoni Chepkirui alipomwita.

"Mzee, umesahau meno!"

Yalikuwa pale pale, kando ya kikombe cha nne.

"Sijasahau," Ogola alisema. "Hiyo ni yao. Wacha iwaonjee chai."