Hatua Aliyonyimwa Chancelle

Asubuhi, jua likiwa bado linajivuta juu ya ziwa, Chancelle alikuwa ameshafagia ukumbi wa parokia, amefungua madirisha na kujifunga mkanda wake mwekundu. Maître Cyprien, mwalimu wake wa taekwondo, akafika, akavua viatu mlangoni, akasema, "Anza." Chancelle akainama, akaanza pumse ya nane. Alipomaliza alijikuta nje, upande wa pili wa ukuta, katikati ya bustani ya mboga ya Mama Lucie.

"Umekanyaga lengalenga zangu," akasema Mama Lucie, ambaye alikuwa akimwagilia.

"Unisamehe, mama."

Chancelle akazunguka ukuta, akapangusa nyayo, akaingia tena kwa mlango.

Pumse, kwa asiyeijua taekwondo, ni vita vya mtu peke yake. Unampiga adui ambaye hayupo, unamkinga, unageuka, unampiga mwenzake ambaye naye hayupo. Ngumi na mateke yote yamepangwa tangu zamani na hakuna ruhusa ya kuongeza chumvi. Sheria yake kubwa ni moja: unamalizia palepale ulipoanzia. Ukianzia kwenye ufa wa sakafu, nyayo zako zirudi kwenye ufa huohuo. Pumse zote za nyuma Chancelle alizimaliza hivyo. Hii ya nane, ya mwisho kabla ya mkanda mweusi, ndiyo iliyomtoa nje.

"Njo kawaida yake," Maître akamweleza. "Nguvu zako zimezidi hii sale ya parokia. Endelea."

Akaendelea. Juma lililofuata pumse ilimwacha barabarani, mbele ya pikipiki ya muuza mafuta. Baadaye ikamwacha penye reli, kisha kwenye mazishi ya watu asiowajua, ambako alikaa mpaka mwisho kwa adabu. Siku zote ilikuwa upande uleule, kando ya ziwa kwenda Mpala, na kila mara mbali kidogo kuliko jana. Majirani walizoea upesi. Mama Lucie, ambaye hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite, alianza kumpa vifurushi vya ndugu zake waliokaa upande huo.

Wenzake wa klabu walichungulia video za pumse zao kwenye simu. Chancelle hakufanya hivyo hata mara moja. Maître Cyprien alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake tumbo moja, na nani anakwenda kumhakiki mjomba wake kwenye simu? Wao ni Watabwa, na kwa Watabwa cha mjomba hakiendi kwa mtoto wake wa kumzaa. Kinakwenda kwa mtoto wa dada. Cyprien hakuwa na shamba wala mtumbwi. Mali yake ilikuwa taekwondo, aliyoifuata Lubumbashi ujanani na kurudi nayo akiwa na mkanda mweusi. Mbele ya ukoo mzima, baada ya sala, alimpaka Chancelle unga mweupe kwenye kipaji cha uso na kusema kwamba huyu ndiye atakayemrithi. Wazee walipiga makofi. Carmel, binti yake Cyprien, ambaye naye alikuwa na mkanda mwekundu, alipiga makofi pamoja nao.

Mama yake Chancelle, Mama Adrienne, hakuja ukumbini kamwe. Alisema moyo wake haustahimili kuona mtoto anarusha miguu hewani kama mwenye pepo. Alifua tu kimono, akakianika, akakikunja.

Juri ya mtihani ilitoka Lubumbashi mwezi wa saba, watu watatu wenye makoti ya buluu. Kwa jimbo zima la Tanganyika walikuwa na nafasi moja: atakayefaulu vizuri kuliko wengine angepata mkanda mweusi na kwenda nao, kukaa Lubumbashi na kufundishwa ualimu. Chancelle aliitaka nafasi hiyo kwa namna iliyomkosesha hamu ya kula.

Carmel aliitwa kwanza. Chancelle, akiwa amepiga magoti pembeni, alimtazama. Ngumi zilikuwa safi. Baada ya teke la pili, Carmel alirudi nyuma hatua moja, ndipo akageuka. Chancelle akashika mdomo. Maskini, akasema moyoni, amekosea, na kosa lenyewe kubwa hivi, mbele ya juri! Alimhurumia kwa dhati. Carmel akamaliza juu ya mstari aliouanzia, akainama, nao wale watatu wakatikisa vichwa wakiandika.

Kisha akaitwa yeye. Alifanya yote kama alivyofundishwa, bila kuongeza, bila kupunguza, na mwili wake haukuwahi kumtii namna ile. Alipomaliza alikuwa Mpala, kwenye mchanga, vifundo vya miguu vikiwa ndani ya samaki.

"Toka kwenye ndagala zangu, mutoto," mwanamke mmoja akamwambia. "Ziko zinakauka."

"Ni pumse njo imenileta, mama."

"Hata kama. Toka kwanza, njo utaeleza."

Alimpa sahani ya bukari na sehemu ya kulala. Kesho yake Chancelle alipanda mtumbwi wa mota uliokuwa ukipeleka mihogo kwao Kalemie. Njiani hakuwa na kazi isipokuwa kufikiri, na kila alipopitia pumse ya Carmel kichwani, ile hatua ya kurudi nyuma ilikaa mahali pake vizuri, kama kifuniko juu ya sufuria yake. Kabla hawajafika bandarini alikuwa ameshaelewa kwamba aliyekosea hakuwa Carmel.

Juri ilikuwa imeandika kwamba mtahiniwa hakuwepo mwishoni mwa mtihani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Carmel alikwishaondoka nao kwa ndege ya asubuhi.

Chancelle alimkuta mjomba wake ukumbini akikunja mikeka.

"Maître, ile hatua ya kurudi nyuma, haukunifundisha."

"Ndiyo."

"Sababu gani?"

Cyprien alimaliza kukunja mkeka uliokuwa mkononi. Hakuonekana mwenye aibu, na hakuonekana mwenye furaha.

"Carmel ni mutoto wangu. Desturi iliniomba nikupe pumse, nikakupa. Haikuniomba nikupe yote." Akausimamisha mkeka ukutani. "Asubuhi kesho uje. Wadogo wanahitaji mutu wa kuwaonyesha mateke."

Mama Adrienne aliposikia alitupa mwiko chini. Alikwenda mpaka kwa Cyprien, akasimama barabarani na kumtukana mdogo wake kwa Kiswahili, kwa Kitabwa na kwa Kifaransa alichokijua, hadi waliokuwa wakitoka kwenye misa wakasimama kusikiliza. Usiku alimkumbatia bintiye na kulia pamoja naye.

"Kikulacho kiko mu nguo yako, mutoto wangu," akasema. "Mu nguo yako kabisa."

Chancelle alilala akiwa amemshika mkono. Ilimpoza kujua kwamba duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama upande wake.

Jumapili, baada ya kula mchana, alikuwa uani akijaribu kuiweka ile hatua. Alikuwa ameiona mara moja tu na hakukumbuka ni mguu gani. Akajaribu wa kulia, akayumba. Akajaribu tena, akayumba. Mama Adrienne alikaa kwenye kigoda akimenya mihogo, macho yake kwenye kisu.

"Ni muguu wa kushoto," akasema. "Rudi na kushoto, ukunje goti, njo ugeuke."

Chancelle akashusha mguu.

"Mama. Wewe haujawahi kuja kuangalia."

Ganda la muhogo likaendelea kujiviringa, refu, mpaka likakatika.

"Nilikuwa napita kwa Cyprien, wakati wewe uko sokoni," Mama Adrienne akasema. "Niliona anamufundisha Carmel. Aliniuliza. Aliniambia, yaya, wewe mukubwa wangu, kuko mumoja ataenda, na yule hatarudi hapa karibuni. Nikamujibu, basi umuache wangu abaki."

"Na ile matusi yote?"

"Ile hasira ilikuwa ya kweli." Na huenda ilikuwa ya kweli, binadamu ana nafasi nyingi ndani yake. "Baba yako alikufa. Ndugu yako Ruben alienda Kinshasa, hata simu hapigi. Ningebaki na nani, Chancelle?"

Iliuma kuliko ya mjomba, na Chancelle hakuficha kwamba iliuma. Mjomba alimnyima hatua. Mama alimwona akinyimwa, miezi yote ile, huku akimfulia kimono na kukikunja vizuri.

"Sasa unaijua," Mama Adrienne akasema kwa sauti ya upole. "Iweke, umalizie hapahapa. Jioni nitasonga bukari, tutakula wote wawili."

Chancelle akajifunga mkanda, akainama, akaanza. Mama yake aliacha kisu, akawa anaifuata pumse kwa kidevu, kila pigo kwa wakati wake, bila kukosea. Teke la pili likapita. Mguu wa kushoto ulikuwa tayari. Ulishajua pa kurudi. Kidevu cha mama kikashuka kuonyesha kwamba ni hapo, ni sasa.

Chancelle hakurudi nyuma. Aligeuka, akapiga pigo la mwisho.

Alikuwa Zongwe, mbali kupita Mpala, karibu na maji. Mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga alimtazama toka juu mpaka chini.

"Unatoka wapi?"

"Kalemie."

"Mama yako anajua uko huku?"

"Anajua," Chancelle akasema. "Alikuwa anaangalia."

Mwanamke akaona jibu linatosha, akasogeza sufuria zake kumpisha. Chancelle akakaza mkanda wake mwekundu, akaipa Kalemie mgongo, akainama, akaanza tena.