Mizani Haina Shemeji

Baba mkwe alistaafu ukaguzi wa mizani, lakini mizani haikumstaafu yeye. Kila mwaka tunapofunga duka letu la dobi kwa siku nne kwenda ufukweni, mkoba wa kwanza kuingia garini ni ule wenye mizani yake ya mkono, ya chuma, yenye kulabu chini na uso kama wa saa. Anaifuta kwa kitambaa cha miwani. Ukimtania kwamba anaipenda kuliko mkewe, anakujibu kwamba mkewe humdanganya mara mojamoja.

Mizani hiyo ndiyo inayotawala safari yetu ya uvuvi. Siku ya tatu tunakodi boti pamoja na nahodha wake, tunaingia maji makuu, na atakayevua samaki mzito kuliko wote ana haki ya ombi moja lisilokataliwa. Baba alilitunga sharti hilo wanawe walipokuwa wadogo ili waache kugombana, na kwa miaka ishirini halijavunjwa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliomba umeneja wa duka, akapewa. Mume wangu aliomba duka lifungwe Jumapili, likafungwa. Na kuna sharti la pili: fimbo ya kuvulia haiguswi na mkono wa mtu mwingine. Ikiguswa, samaki hana mwenyewe, hata akiwa mkubwa kama mlango. "Mizani haina shemeji," baba husema, akimaanisha kwamba haipendelei mtu.

Miaka minne ya ndoa nilikuwa nikibaki nchi kavu na mama mkwe, tukimenya vitunguu. Mwaka huu nilikuwa na barua.

Barua ilitoka chuo cha mafundi wa maabara. Masomo ya mchana, miaka miwili, kuripoti Jumatatu ya wiki iliyofuata. Niliisotea miaka mitatu katika darasa la jioni, mtoto mgongoni, vidole vikinuka wanga wa kola. Lakini mchana mimi ndiye mpiga pasi wa duka, mashati sitini kwa siku. Shemeji alinikabidhi bahasha ikiwa wazi, akadai imefunguliwa na mvuke. Kisha akanishauri nisome usiku, nipige pasi mchana, na ndoa niibane hapo katikati.

Ningeweza kuomba ruhusa mezani, ila jibu nililijua: tutaangalia. Kwetu "tutaangalia" ni kaburi lenye mlango mzuri. Basi nikaamua kuvua.

Asubuhi ya boti nilitoka chumbani nimevaa suruali ya mume wangu, pindo nimezikunja. Shemeji akauliza kama naipeleka kufuliwa. Nikamgeukia baba, nikamuuliza kama safari ni ya watu wa duka au ni ya baadhi ya watu wa duka. Alinitazama juu ya miwani, akasema kweli, sharti halikutaja nani avae gauni. Binti yangu, akiwa mapajani kwa bibi yake, aliniagiza samaki mwenye kope. Barua niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaichomeka ndani ya jaketi la kuokolea, upande wa moyo.

Fimbo zilisimikwa nyuma ya boti, mishipi ikiburuta chambo cha plastiki. Samaki akishika, mwenye zamu anachukua fimbo, na zamu huenda kwa umri. Baba alipata wa kilo tatu, akacheka peke yake. Shemeji alipata kolekole wa kilo nane na robo, akambusu mdomoni, nahodha akamuuliza mahari imetoka lini. Samaki wa mume wangu alikata mshipi akaondoka na chambo chetu.

Zamu yangu ilipofika, bahari ikanuna. Saa nzima, hakuna kitu. Shemeji akasema samaki wamesikia harufu ya wanga wakakimbia.

Ndipo fimbo ikapinda, na mshipi ukaanza kutoka ukilia kama cherehani.

Niliishika. Kishikio kilinigonga tumbo, nikakita miguu sakafuni. Nahodha aliniambia nisishindane na samaki akikimbia; akipumzika, nivute. Hilo nililijua kabla sijaijua bahari. Pasi ya duka letu ina kilo saba. Ukiikandamiza kwa hasira, kufika saa nne bega limekufa. Unauacha uzito wake ufanye kazi, wewe unavuta tu wakati wa kurudi. Basi nikampiga pasi yule samaki. Akienda namwachia, akilegea nakunja, na jasho likaniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Robo saa ikapita, labda zaidi. Mume wangu alinisogelea, huruma imemjaa usoni, akanyoosha mkono.

"Mpenzi wangu," nikamwambia, "ukiigusa fimbo hii, utarudi nyumbani kwa kuogelea."

Akaificha mikono kwapani.

Nikamwona chini ya maji: nguru, mgongo wa buluu, mrefu kama ubao wa kupigia pasi. Nahodha aliinama na kulabu yake ya kupandishia samaki. Nikavuta mara moja, nikavuta ya pili, akawa ubavuni mwa boti kabisa. Hapo shemeji akaruka, akaikamata fimbo kwa mikono miwili juu ya mikono yangu, akisema nitawapotezea. Alishika muda wa kuhesabu hadi tatu. Kulabu ilikwisha kuingia, na samaki akaanguka miguuni petu.

Baba alimtundika. Kilo kumi na tatu na nusu. Akasoma mara mbili, kisha akauliza, bila kumtazama mtu, nani ameigusa fimbo.

"Mimi, baba," shemeji akasema, mkono juu, tabasamu hadi masikioni. "Nilihofia atatoroka."

Nikaelewa. Nguru akikosa mwenyewe, kolekole ndiye mkubwa. Baba naye alielewa. Niliona jinsi alivyoishikilia ile mizani kana kwamba imemtukana. Lakini sharti alilitunga mwenyewe. Akasema ombi ni la mwanawe mkubwa.

Shemeji alikohoa kidogo. Aliomba mke wa mdogo wake abaki kwenye pasi miaka miwili. Alisema ni kwa faida yetu sote.

Injini ilikuwa imezimwa. Nilisikia maji yakipiga ubavu wa boti. Nikafungua jaketi, nikaitoa barua, nikaishika mbele yao.

"Nilipanda humu nije kuomba," nikasema. "Sasa siombi. Jumatatu ijayo nakwenda chuo."

"Mwanangu," baba akasema polepole, "ombi halijawahi kukataliwa."

"Leo limekataliwa, baba. Mizani sigombi nayo. Nguru hana mwenyewe, sawa. Lakini mimi ninaye mwenyewe, na ni mimi."

Shemeji akauliza mashati yatapigwa pasi na nani, na nguru?

"Na mimi," mume wangu akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akarudia mpaka ikakaa sawa.

Samaki asiye na mwenyewe alipewa nahodha. Akiosha sakafu alisema ameona samaki wakipotea kwa mshipi mbovu na kwa ndoana mbovu, ila kwa kaka mtu, huyu ni wa kwanza.

Nchi kavu habari ilifika kabla sijavua viatu. Mama mkwe alipakua chakula bila kunitazama, na chumvi ilizunguka meza yote ikaniruka. Baba aliitundika mizani kwenye msumari, akakaa akiipa mgongo. Sikusema samahani. Binti yangu alitaka kujua habari za kope. Nikamwambia samaki wangu hakuwa nazo, ndiyo maana hakufumba macho hadi mwisho. Akasema basi nikavue mwingine.

Jua lilikuwa bado juu mume wangu alipokuta pasi kwenye kabati la nyumba ile ya kukodi. Alikunjua blanketi mezani, akachomeka waya, akatandaza shati jeupe la mikono mirefu, akaniuliza anaanzia wapi.

"Kola," nikamwambia. "Lakini hilo si lako. Ni la shemeji."

"Najua," akasema, akiijaribu pasi kwa kidole kilicholowa mate. "Mwanafunzi huanza na la kuunguza."