Mukanda Uliokaushwa Juu ya Moto

Kamyo, lori la mizigo, ilikuwa imeshaacha Masisi nyuma, inateremka kona za kwenda Nyabiondo, wakati nilipopata mahali pazuri pa kukaa: juu ya gunia la maharagi, mgongo umeegemea motere. Motere ile ilikuwa injini ya dizeli, nzito, imefungwa kwa kamba katikati ya kamyo. Ilikuwa inapelekwa Walikale kuzungusha mashini ya kukoboa mupunga. Mimi sikuwa na shughuli kule. Nilisikia tu kwamba njia ile inaingia katika pori kubwa, nikataka kuona.

Aliyekuwa na shughuli ni Grégoire Kanyamibwa, makanika. Koperative ya Walikale ilimwahidi kazi ya kuangalia mashini, na nyumba ya kukaa, kwa sharti moja: aishushe motere yeye mwenyewe na kuikalisha juu ya beto, ile sakafu ya saruji, ikiwa nzima. Yeye na bibi yake Dancille walikuwa wameshawapa ndugu shamba lao la Masisi. Mtoto wao Anne walimwacha kwa mama wa Dancille mpaka wapate pa kulala. Motere ikianguka, hawana huku wala kule.

Dancille alikaa mbele, pembeni ya Honoré shofere. Grégoire alikaa nyuma pamoja nami, na magotini alikuwa na kitu ambacho macho yangu hayakuacha kukirudia: mukanda mweupe, mpana kama kiganja, laini, wenye kitanzi kilichoshonwa kila ncha. Nilimuuliza kama ni wa padri. Akasema ni wa kuinulia motere.

Nilicheka. Mwaka ule wa 1969 nilikuwa nimeshatembea sana, nimeona minyororo na kamba za chuma kwenye migodi, lakini nguo kuinua chuma, hapana. Grégoire hakukasirika. Akaeleza kwamba ni nailo, uzi unaotengenezwa kiwandani, na kwamba walimpa huko Goma pamoja na motere, wakamfundisha namna ya kuutumia.

Kulikuwa na etiketi ya buluu imeshonwa pembeni. Kusoma nilijifunza kwenye misioni tatu, pote niliondoka kabla ya mwaka kuisha, lakini namba hazinishindi. Pale palikuwa na namba tatu: kilo elfu moja, kilo mia nane, kilo elfu mbili.

"Mukanda iko moja," nikamwambia. "Mbona inabeba uzito tatu?"

Akachomoa kipande cha ngozi ya mugomba kwenye gunia, akakizungusha kwenye mkono wangu, akapitisha ncha moja ndani ya nyingine na kuvuta. Kikanibana.

"Ikining'inia sawa tu, njo elfu moja. Hapa inajinyonga. Inajiuma yenyewe pahali pamoja, njo maana nguvu inapungua." Kisha akakipitisha chini ya mkono na kushika ncha zote mbili juu. "Hapa imekuwa miguu mbili. Kila muguu unabeba nusu."

Nikamuuliza itakuwaje miguu ile ikipanuka sana. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema kadiri inavyopanuka ndivyo kila mguu unavyoumia zaidi, kama watu wawili waliobeba ndoo moja, kila mmoja anavuta kwenda upande wake. Nilikuwa ningali nafikiri ndoo ile mvua ilipotukuta.

Tulilala ng'ambo ya Nyabiondo, kwa Mama Dorothée, mjane wa katekista. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Kwenye milima ile, kamba ya magome haiachwi na maji. Inawekwa juu ya utara, ile dari ndogo ya fito juu ya moto, moshi uingie, wadudu wasiile. Mwanamke akiacha kamba ya bwana wake ioze, watu wanamsema. Kwa hiyo, wakati Grégoire alikuwa nje anamsaidia Honoré kubadilisha gurudumu, Dancille aliutandika mukanda kwenye utara pamoja na kamba za Mama Dorothée. Asubuhi aliukunja vizuri, akautia katika mufuko. Grégoire akamshukuru kwa kuukausha, hakuuliza ulikauka wapi.

Tulipofika Walikale, watu wa koperative walikuwa wamesimamisha magogo matatu, vichwa vimefungwa pamoja, na pale juu wamening'iniza palan, lile gurudumu la kuvutia mizigo kwa mnyororo. Honoré akarudisha kamyo kinyumenyume chini yake. Watu walijaa. Prezida wa koperative, Papa Damien, alikuwa amevaa koti.

Grégoire akaufungua mukanda akaanza kuupitisha vidoleni pole pole, akiukunja kila kipande, upande huu, upande ule, kisha nyuzi za mishono.

"Makanika," Papa Damien akasema, "unaitafuta chawa?"

Watu wakacheka, na Honoré pia. Vidole vya Grégoire vikasimama pahali pamoja, vikarudi, akaniita nishike. Kwingine kote palikuwa laini. Pale palikuwa pagumu, pametoa mng'aro kama ukucha, nyuzi zimeshikana.

Akauliza kwa sauti ya kawaida nani aliuweka karibu na moto.

"Ni mimi, Papa Anne," Dancille akasema. "Ilikuwa imelowa. Niliiweka kwa utara, sawa kamba."

Kicheko kikaisha. Nilidhani Grégoire atamgombeza.

"Ulitengeneza vizuri vile kamba inapenda," akamwambia. "Lakini hii haiko kamba. Nailo, moto unaiyeyusha."

Papa Damien akaja kugusa mwenyewe. Akasema pahali penyewe ni padogo kuliko kidole gumba, na akashauri tujaribu na gogo. Grégoire alikubali, ila kwanza akawasukuma watu wote nyuma ya kamyo. Gogo lililochaguliwa lilikuwa zito kuliko motere. Likapanda. Likaning'inia mpaka Honoré akamaliza sigara yake. Mukanda haukulia, haukufanya kitu. Papa Damien akapanua mikono kama mtu aliyeshinda kesi, na mimi mwenyewe nilikuwa upande wake.

Grégoire akashusha gogo, akafungua mukanda, akauweka juu ya kisiki na kuukata kwa panga vipande viwili.

"Umekata kazi yako," Papa Damien akasema.

"Papa, imebeba mara moja. Mara ya pili haijaniambia. Na nikiiacha nzima, muntu ataikuta kwa kona, atasema siku ile si ilibeba?"

Kamyo ilibaki pale. Tulipanga magogo kama ngazi iliyolala kutoka sakafu ya kamyo mpaka kwenye beto, tukaenda nyumba kwa nyumba kuomba kamba za magome, na motere ikateremka shubiri kwa shubiri, watu wakiishikilia kwa nyuma. Ilichukua siku kadhaa, mpaka Jumamosi. Papa Damien aliizunguka, hakuona kosa. Alimpa Grégoire kazi, kwa kuwa motere ilikuwa nzima. Nyumba alimnyima, kwa sababu ya panga lile.

Grégoire na Dancille walilala katika chumba cha mashini mpaka walipojenga nyumba yao, kisha wakamleta Anne. Grégoire aliangalia mashini ile mpaka koperative ilipokufa, akarudi Masisi, akafa kwa ugonjwa wa ini. Dancille anaishi Sake kwa Anne. Papa Damien alihamia Kisangani kuuza mupunga. Honoré aliuza kamyo akalima kahawa. Mama Dorothée alizikwa nyuma ya nyumba yake. Mimi nilikaa Walikale siku chache, kisha nikashika njia ya Lubutu.