Mteja Aliyekaa Kinyume

Naliaka alipostaafu unyapara katika shamba la kahawa kule Ruiru, sauti yake ilibaki imeganda mitini. Wapo wanaoapa kwamba hadi leo ukitikisa mbuni, unaangusha "Amkeni!" mbili tatu. Akiwa na miaka hamsini na nane akajiandikisha chuo cha jioni mjini Thika, asomee ustawi wa jamii.

Majirani zake kule Murera walicheka. Siri ikimfikia Naliaka asubuhi, saa sita iko Ngoliba inanywa maji na ng'ombe. Huyo ndiye watu wamwambie shida zao?

Darasani akamkuta Sifuna, mume wa binti yake Maxine. Wote ni Wabukusu, na kwao mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono. Masomo yote mmoja alikaa dirishani, mwingine mlangoni, na wakitaka kusalimiana walimtuma mwalimu.

Ukafika mtihani wa mwisho, wa vitendo. Mwalimu Waceke akapiga kura: Naliaka afisa, Sifuna mteja.

"Madam, huyu ni mkwe wangu. Nibadilishie."

"Kazini hatuchagui mteja, mama. Yeye aigize shida, wewe umsikilize. Na sheria unaijua: ya mteja hayatoki nje. Yakitoka, diploma sahau."

Wakageuza viti, wakapeana migongo. Waceke akakata alama za kumtazama mteja machoni.

"Haya, mteja," Naliaka akauambia ukuta. "Sema."

 Sifuna akasema yeye ni mtu aliyefutwa kiwandani. Mke hajui. Kila asubuhi anavaa ovaroli, anatoka, anashinda uwanjani akitazama mpira wa watu asiowajua. Mchana anakula viazi vitamu alivyofungiwa na mke kwenye bakuli la bluu, kifuniko kimeungua pembeni.

Naliaka akashika kiti. Bakuli hilo alilinunua yeye. Kifuniko kiliungulia jikoni kwake.

"Eh, Sifuna!" Waceke akasema. "Unaigiza mpaka machozi!"

Mdomo wa Naliaka ulitaka kuita jina la Maxine. Akaufunga, akaufungua tena.

"Mteja, ungependa mkeo aambiwe na nani?"

"Na mimi, Mama. Nimekosa tu pa kuanzia."

"Mkiwa wawili, huwa mnaongea saa ngapi?"

"Hatuna saa. Natoka mapema nisiulizwe."

"Na siku moja usipotoka mapema?"

 Waceke akafunga mtihani. Naliaka alipita, kwa chupuchupu. Diploma angeichukua wiki iliyofuata.

Usiku huo Maxine akapiga simu.

"Mama, Sifuna halali. Anageukageuka kitandani kama chapati. Huko darasani hajasema kitu?"

Naliaka alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Muulize mwenyewe."

"Si uko naye kila jioni?"

"Niko naye."

"Na hujui chochote? Wewe, Mama? Wewe uliyejua nina mimba kabla yangu?"

"Kesho mpikie uji. Usimfungie viazi. Umwambie akae."

"Kuna nini kesho?"

"Uji."



"Mama, hiyo shule imekuharibu."

"Ndiyo," Naliaka akasema, akaendelea kumenya.