Kisima Ambacho Sikukiandika

Niseme ukweli tangu mwanzo: yule mama nilimtukana. Si kwa mdomo, maana leseni yangu ilikuwa mikononi mwake, lakini moyoni nilimporomoshea matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Leo kila nikimkumbuka namwomba Mungu ambariki yeye, watoto wake na hata hao ambao hawajazaliwa.

Mimi ni mkandarasi wa matangi ya mafuta, yale yanayofukiwa chini ya vituo vya petroli. Miaka kumi na minane nipo kwenye kazi hii. Mafundi wangu wananiita Moto, na wala siwabishii. Mkaguzi wetu ni mama mfupi, hanifiki begani, miwani yake kaifunga kamba shingoni. Sisi wakandarasi tumembatiza Mama Fukua, kwa sababu hilo ndilo neno alipendalo.

Safari hii tulikuwa tunajenga kituo kipya, na nyuma ya ukuta wake ndipo anapoishi dada yangu. Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa bado natambaa, na mgongo nilioujua ni wa dada. Kisima kilicho uani kwake nilikichimba mwenyewe, mwaka nilioanza kushika sururu. Mpaka leo yeye na wajukuu zake wanakunywa maji ya humo.

Sheria iko wazi: tangi halifukiwi kabla mkaguzi hajaliona. Nilimngoja siku mbili. Siku ya tatu wingu likatanda, na tangi tupu likikutwa na mvua shimoni huwa linaelea. Nimeshaona moja likiinuka na kukunja mabomba yote. Nikasema potelea mbali, fukieni! Fomu nikaijazia juu ya usukani wa gari, nikinakili ile ya kituo nilichomaliza mwezi uliopita, mstari kwa mstari. Vizibo vya chuma: vyote vimefungwa. Visima jirani: hakuna.

Hata hiyo mvua yenyewe haikunyesha.

Asubuhi yake Mama Fukua akafika. Akasimama ukingoni mwa mchanga uliosawazishwa vizuri.

"Tangi liko wapi, fundi?"

"Liko chini, mama. Mvua ilikuwa inakuja."

Akatazama juu. Mbingu safi, kiwingu hata kimoja hakuna. Kabla hajasema neno, dada akatokea na jagi la maji, kama kawaida yake, maana kwake mgeni hasimami juani na koo kavu. Mkaguzi akanywa bilauri nzima, akaomba nyingine.

"Maji matamu haya. Mnayatoa wapi?"

"Kisimani kwangu, hapo nyuma ya ukuta," dada akajibu, kifua mbele. "Alikichimba huyuhuyu mdogo wangu. Hata zege lote hili kalichanganya kwa maji yangu!"

Mama Fukua akavaa miwani, akafungua faili, akaisoma fomu yangu polepole, kisha akaifunga.

"Fukua," akasema.

Mshipa wa shingo ukanisimama. "Mama, hiyo ni kazi ya siku nzima! Miaka kumi na minane nafanya kazi hii, leo unione kama mwanafunzi?"

"Kwa koleo, si kwa mashine. Mashine itatoboa." Akapindua ndoo, akaikalia.

Nikashika koleo mwenyewe, kwa hasira tupu. Kila koleo la mchanga nililolitupa nililitupa na tusi lake. Kufika saa sita mgongo wa tangi ukaanza kuonekana. Tundu la kwanza, kizibo cha chuma. La pili, chuma. La tatu nikalifuta kwa kiganja.

Chekundu. Plastiki.

Tangi hutoka kiwandani limezibwa kwa vizibo vya plastiki, ili vumbi lisiingie njiani. Kabla ya kufukia, kila kimoja kinatolewa na kinawekwa cha chuma. Plastiki inazuia hewa vizuri tu, ndiyo maana tulipolijaza tangi hewa kulipima, kipimo chetu hakikuonyesha kitu. Lakini petroli ikiigusa mwezi baada ya mwezi inalainika, mafuta yanapenya kimya kimya, na pale ardhi yote inateremka kuelekea ukuta wa dada. Nami nilikuwa nimetia saini kwamba nimekiona chuma kwa macho yangu.

Nikakaa chini mchangani. Akilini nikawaona wale wajukuu wa dada na vikombe vyao. Machozi yakanitoka mbele ya mafundi wangu, na sikuona haya.

Mama Fukua hakunifokea. Alininyang'anya leseni kwa miezi sita, akaamuru tangi litolewe na liwekwe lenye kuta mbili, na bomba la kunusia mafuta yakivuja lichimbiwe kati ya kituo na kisima.

Nikaenda kwa dada nikamweleza yote, bila kuficha. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Uliandika hakuna kisima?"

"Ndiyo, dada."

"Na mimi je? Uliandika nipo?"

Akaendelea kuchambua. Baadaye akanimiminia maji, akanisogezea. "Kunywa. Halafu kesho ukamshukuru yule mama, tena kwa mdomo wako."

Nikaenda. Nilimwambia asante mpaka akachoka, akanifukuza ofisini.

Miezi sita ilipokwisha, fomu yangu ya kwanza ilikuwa ya kituo hichohicho. Tangi jipya lilikuwa wazi shimoni, na nilimngoja Mama Fukua siku nne. Mvua ikatishia, nikalijaza tangi maji ili lisielee. Fomu niliiandika nikiwa nimesimama pale pale ukingoni. Kwenye mstari wa visima jirani niliweka: Kimoja. Cha dada yangu. Maji yake matamu.

Mama Fukua alikagua vizibo vyote kwa kidole, kimoja kimoja. Akaisoma fomu, akanitazama juu ya miwani.

"Utamu hatujauuliza, fundi," akasema.

Akagonga muhuri, na hakufuta neno.