Kengele Iliyohamia kwa Kokushubila

Rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule iliibwa Jumapili asubuhi, wanafunzi wakiwa ibadani. Ilikuwa imening'inizwa kwenye mparachichi mbele ya ofisi ya walimu. Mwizi alikata waya kwa koleo, na kile chuma cha kugongea akakiacha kimeegemezwa kwenye shina. Ilikuwa shule ya bweni, ya wasichana, juu ya kilima upande wa Muleba. Kutoka madirishani mwa kidato cha nne mtu aliweza kuyaona mabasi ya Biharamulo yakipita barabarani kule chini, lakini milio yake haikufika.

Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini, katikati ya kipindi cha fizikia, kengele ililia. Ililia kifuani mwa Kokushubila Lwakatare, aliyekaa safu ya tatu akinakili mchoro wa transfoma. Sauti ilikuwa ileile ya rimu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni kwa sababu rimu ilikuwa na ufa. Wasichana wakafunga madaftari. Mwalimu Mwijage, ambaye pamoja na kufundisha fizikia ndiye aliyekuwa mwalimu wa taaluma, alitazama saa yake ya mkononi, akaona kengele haijakosea, akafuta ubao.

"Kokushubila," alisema akiwa mlangoni, "usiende mbali na madarasa."

"Sawa, mwalimu."

Koku mwenyewe hakushangaa sana. Alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu matokeo ya mtihani wa moko yalipobandikwa, akajiona ameshuka kutoka nafasi ya pili hadi ya kumi na nne, kitu fulani kilikuwa kikigonga mle ndani. Kiligonga karatasi za majaribio zilipogawiwa. Kiligonga akiwa kwenye foleni ya uji. Sasa kilikuwa kimepata sauti.

Ratiba ya kidato cha nne ilikuwa na kengele ishirini na sita. Ya kwanza ilikuwa saa kumi alfajiri na ya mwisho saa tano usiku, na Koku alizilia zote. Kila ilipolia, mbavu zake zilitikisika na kalamu ikaruka mstari. Kabla haijalia, kwa dakika kama mbili hivi, alikuwa akisikia inavyojivuta nyuma, kama mkono unaoinuliwa, na dakika hizo mbili ndizo zilizomchosha zaidi. Kufikia Ijumaa alikuwa hawezi kumaliza bakuli dogo la maharage, na alikuwa akisoma ukurasa mmoja mara nne bila kujua unasema nini.

Alikwenda kwa matroni. Bi Alistidia alikuwa mama mnene, mtaratibu, aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Alimkalisha kitandani, akaweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani, akangoja. Kengele ya saa nne na nusu ilipolia, alitoa kifaa masikioni taratibu na kuyasugua masikio.

"Unalala saa ngapi kwa siku?"

"Tano, matroni. Pengine nne."

"Mara ya mwisho kucheka ni lini?"

Koku alifikiri. Hakuweza kukumbuka. Kisha matroni alimweleza mambo aliyokuwa akiyaamini. Mwili wa mtoto wa umri wake unataka usingizi wa saa nane. Atembee kila siku, hata nusu saa, mahali penye miti. Ale akiwa ameketi. Linalomlemea asilifungie, amwambie mtu anayemwamini. Na akiona linakuja, aweke mkono tumboni, avute hewa akihesabu hadi nne, aitoe akihesabu hadi sita, pole pole, mara kumi.

"Nimeelewa, matroni," alisema Koku. "Ila nilale saa ngapi?"

Bi Alistidia aligeuka kuitazama ratiba iliyobandikwa ukutani. Aliisoma kutoka juu hadi chini, akarudia. Kisha alichukua karatasi, akamwandikia ruhusa ya siku nne kwenda nyumbani.

Nyumbani kwao kulikuwa Kibeta, Bukoba mjini. Njiani, ndani ya basi la Kosta, kengele ililia mara mbili, na mara zote dereva alisimamisha gari akidhani kuna mtu anashuka. Mara ya pili kuna mzee aliyeshuka kweli.

Mama yake, Magdalena, alisikia kengele ya saa kumi na mbili jioni wakiwa jikoni. Alimpa kisu na kichane cha ebitoke, wakaketi wote wawili wakimenya. Utomvu uliganda vidoleni. Walipofika ndizi ya ishirini hivi, Koku alianza kusema. Alisema haelewi fizikia, na kwamba anapoelewa tayari darasa limeshahama. Alisema baba amewaambia watu wote wa jumuiya kuwa yeye atakuwa daktari, naye kila akiona damu anahisi kuzirai. Alisema anaogopa siku matokeo yatakapotoka, anaiogopa hata sasa ambapo ni mwezi wa saba.

"Sasa hayo yote ulikuwa unayabeba peke yako?" aliuliza mama.

"Ningemwambia nani?"

Mama hakumpa ushauri wowote. Alilia kidogo, akapangusa pua kwa nyuma ya kiganja, akasema ndizi zinatosha.

Jumamosi Koku alilala hadi jua likafika katikati ya kitanda. Alikwenda kibanjani na mama yake kupalilia maharage, mchana wakatembea hadi ziwani, wakakaa juu ya mawe bila shughuli yoyote. Kengele ilikuwa bado inalia, lakini kwa mbali, kama ya shule nyingine. Jumapili ililia kama kijiko kikigusa kikombe. Jumatatu haikulia kabisa. Koku aliweka mkono kifuani, akakuta moyo tu, ukienda zake.

Jumanne asubuhi Mwalimu Mwijage alifika na pikapu ya shule. Alikuwa kijana bado, lakini kucha zake zilikuwa zimetafunwa hadi nyamani, na alipokaribishwa chai alishika kikombe kwa mikono miwili. Mzee Lwakatare alitoka chumbani akiwa amevaa koti.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa na mkuu wa shule."

"Marahaba. Kuna nini huko?"

"Hali si nzuri, mzee. Tangu huyu mtoto aondoke hakuna kengele. Wasichana wanalala hadi saa moja na nusu. Wanakunywa uji wakiwa wameketi, wanazungumza. Juzi kidato cha nne wameamka wanaimba." Alimeza chai. "Na bado wiki kumi na tatu tu tufanye mtihani."

"Kwani rimu zimekwisha gereji zote za Muleba?" aliuliza Magdalena.

"Tumefunga mbili, mama. Nzuri, za Fuso. Tunazigonga hazitoi sauti. Ni kama kugonga godoro."

Hilo wote walilielewa. Mzee Lwakatare alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumpiga, na alikuwa na daftari ambalo ndani yake amebandika kila ripoti yake tangu darasa la kwanza.

"Tata," alisema Koku, "nimepona. Hailii tena."

"Ndiyo maana wamekuja, mwanangu," alijibu baba. "Shule nzima inakutegemea wewe. Ni heshima hiyo. Kachukue begi."

"Waitu, tafadhali tumwache hata hadi Jumapili," alisema Magdalena.

"Wenzake wanasoma," alijibu mzee.

Pikapu ilipoanza kupanda kilima cha shule, kengele ililia kwa sauti iliyoamsha mbwa wa mlinzi. Mwalimu Mwijage alitazama saa yake, na kwa mara ya kwanza tangu Bukoba mabega yake yalishuka.

Wasichana hawakumchukia. Walimpisha kwenye foleni, na wakati wa chakula walimwachia kiti cha pembeni ili sauti isiwaumize. Aliyezungumza naye wazi alikuwa Judica, aliyelala kitanda cha chini yake.

"Koku, huwezi kuichelewesha? Hata kidogo tu. Nikimaliza sahani moja bila kukimbia nitakushukuru hadi kufa."

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Koku alisikia ule mkono ukiinuka ndani yake. Aliweka kiganja tumboni. Alivuta hewa hadi nne, akatoa hadi sita. Jasho lilimtoka. Alirudia mara kumi, halafu kumi nyingine, na kengele ilisimama pale ilipokuwa, juu, ikingoja. Ilipolia, dakika tano zilikuwa zimepita. Bwalo lilikuwa kimya isipokuwa sauti ya watu mia tatu wakitafuna, sauti ambayo hapo hakuna aliyewahi kuisikia.

Akaendelea hivyo. Dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni. Baadhi ya wasichana walianza kuota ndoto tena, wakasimuliana wakiwa wanapiga mswaki. Judica aliota ng'ombe mweupe anayeendesha baiskeli, akacheka hadi akakaa chini sakafuni, na Koku naye akacheka.

Siku ya tisa Mwalimu Mwijage aliligundua. Hakumwadhibu wala hakumfokea. Alikaa ofisini na ratiba mchana mzima, akasogeza kila kengele ya kumaliza usingizi au mlo nyuma kwa dakika tano, kisha, kwa tahadhari, kwa dakika kumi. Kengele ya kwanza ikawa saa kumi kasoro dakika kumi. Koku alipojaribu kuichelewesha tena iligota saa kumi kasoro dakika tano. Judica alihesabu kwa vidole, akamwambia wamepoteza dakika tano walizokuwa nazo zamani, na kwamba asijilaumu.

Bi Alistidia alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa mkuu wa shule. Alimwambia watoto wanaumia. Alieleza kulala, kutembea, kuzungumza na kupumua. Mkuu wa shule alimsikiliza kwa makini, akaandika kila kitu. Alisema ni wazo zuri sana, kwamba elimu ya sasa lazima ijali afya ya akili, na kwamba anashangaa hawakuanza mapema. Kikaanzishwa kipindi cha Kukabiliana na Msongo wa Mawazo, kila Jumapili kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kufua na kupumzika, saa pekee kwenye ratiba iliyokuwa haijaandikwa kitu. Kufua kulihamishiwa kabla ya alfajiri.

Jumapili ya kwanza Koku alilia saa tisa kamili, wasichana wakaingia bwaloni. Mwalimu Mwijage alifundisha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye nafasi. Aliandika faida sita za usingizi ubaoni, wakazinakili. Walivuta hewa kwa kuhesabiwa, safu baada ya safu. Bi Alistidia alisimama mlangoni mwanzo hadi mwisho, halafu hakuonekana tena kwenye kipindi hicho.

Mwishoni mwa mwezi walipewa jaribio la maswali kumi, alama zikabandikwa. Koku alipata tisa. Alikosa swali la saba: *Taja mtu unayeweza kumweleza yanayokulemea.* Alikuwa ameandika "mama". Jibu lililotakiwa lilikuwa "mwalimu wa zamu", na waliokosa walitakiwa kuandika sahihisho mara kumi.

Aliandika mara kumi, kwa mwandiko wake mzuri, akipanga maneno moja chini ya jingine. Ilikuwa saa kumi alasiri kasoro dakika mbili. Mezani kwake wenzake walikuwa wameshafunika kalamu, wakimtazama kifuani.